Rapa mweusi, ukumbi umejaa wazungu: kwa nini?

Swali limetoka kwa msomaji wa Morogoro: "Ni mwaka wa tatu sasa nasikiliza hip hop ya majaribio ya Marekani: Death Grips, JPEGMAFIA, Danny Brown, clipping., billy woods. Kila nikifungua video za shoo zao naona vijana wa kizungu wanarukaruka, weusi ni wa kuhesabu. Rafiki zangu wananitania kwamba nasikiliza muziki wa wazungu. Ni kweli Wamarekani weusi hawaupendi? Na wasanii wenyewe wanajisikiaje?"

Ndugu yangu, swali hili nimeishi nalo muda mrefu. Miaka yangu mingi ya kazi nimeipitisha nyuma ya meza ya mitambo ya sauti kwenye kumbi ndogo za Marekani, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyosoma na kwa niliyoyaona kwa macho. Rafiki zako wamekosea. Rangi ya watu ukumbini haiamuliwi na sauti ya muziki peke yake. Inaamuliwa zaidi na mlango ambao muziki umepitia hadi kumfikia msikilizaji: lebo iliyoutoa, redio iliyoukataa, mwandishi aliyeusifu, mtaa uliko ukumbi, na bei ya tiketi.

Tuanze na hesabu, maana watu huiruka. Sensa ya Marekani ya 2020 ilionyesha kuwa wazungu wasio na asili ya Kilatino ni asilimia 57.8 ya wananchi. Weusi ni asilimia 12.4, au 14.2 ukijumlisha waliojiandikisha kuwa weusi na asili nyingine pamoja. Sasa chukua ukumbi wa watu 300. Hata kama Wamarekani wa kila rangi wangeupenda muziki huu kwa kiwango kilekile, ungekuta humo weusi kama 40 na wazungu zaidi ya 170. Peleka shoo hiyohiyo Portland, Oregon, ambako weusi ni kama asilimia 6 ya wakazi, na hao 40 wanabaki 18. Kwa jicho la mtu aliyezoea kumbi za Morogoro, weusi 18 kati ya watu 300 ni sawa na hakuna mtu. Na hapo bado hatujagusa habari ya ladha.

Hesabu hiyo haimalizi kila kitu. Danny Brown ni mtoto wa Detroit, mji ambao zaidi ya robo tatu ya wakazi wake ni weusi. Kama sensa ndiyo ingekuwa inajaza kumbi, mtu kama yeye angekuwa mali ya mtaa. Lakini albamu yake ya 2016, Atrocity Exhibition, ilitolewa na Warp, lebo iliyoanzia Sheffield, Uingereza, mwaka 1989 na kujenga jina kwa muziki wa elektroniki. Shabazz Palaces na clipping. wapo Sub Pop ya Seattle, lebo iliyotoa albamu ya kwanza ya Nirvana. Dälek wa Newark walitoa kazi zao nyingi kupitia Ipecac, nyumba ya roki na metali. Msanii anaposaini na lebo ya namna hiyo hapati studio na fedha tu. Anakabidhiwa mtandao mzima uliokwisha kujengwa: wakala anayepanga ziara, kumbi ambazo wakala huyo amezizoea, redio za vyuo vikuu, maduka ya santuri, na waandishi wanaosubiri kila kinachotoka pale. Mtandao huo ulijengwa na mashabiki wa roki, wengi wao wazungu. Hivyo rapa anarithi wasikilizaji wa lebo kabla hajafungua mdomo.

Mwangalie Ishmael Butler, rapa wa Shabazz Palaces. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa katika Digable Planets, kundi la rapu yenye ladha ya jazi lililoshinda Grammy mwaka 1994, na nyimbo zao zilipigwa kwenye redio na runinga kama hip hop ya kawaida kabisa. Mwaka 2011 akarudi na Shabazz Palaces na albamu Black Up, safari hii chini ya Sub Pop. Ni mtu yuleyule, mwenye kichwa kilekile kilichojaa jazi na falsafa ya ukombozi. Kilichobadilika ni duka linalomuuza.

Kuna upande wa pili wa mlango, nao ni redio. Mwaka 1996 Marekani ilipitisha sheria ya mawasiliano iliyoondoa kikomo cha idadi ya vituo ambavyo kampuni moja inaweza kumiliki nchi nzima. Kabla ya hapo kampuni haikuruhusiwa kupita vituo 40; miaka michache baadaye moja ilikuwa na zaidi ya 1,000. Orodha za nyimbo zikaanza kupangwa makao makuu. Mtangazaji wa mtaani, aliyekuwa akiweza kuchomeka wimbo wa ajabu saa tano usiku kwa sababu tu ameupenda, akanyang'anywa uamuzi. Vituo vilivyolenga wasikilizaji weusi viliumia sana. Kijana wa kizungu wa chuoni alibaki na redio ya chuo, ambako mtu anapiga anachotaka. Kijana mweusi wa mtaa wa kawaida alibaki na nyimbo zilezile arobaini. Kisha tukamlaumu eti ladha yake ni finyu.

Utakutana pia na ile takwimu inayorudiwa kila mahali, kwamba asilimia 70 au 80 ya wanunuzi wa hip hop ni wazungu. Ichukue kwa tahadhari. Chanzo cha imani hiyo ni mwaka 1991, jarida la muziki la Billboard lilipoacha kupiga simu madukani kuuliza nini kimeuzwa na kuanza kutumia SoundScan, mfumo uliohesabu mauzo kwa mistari ya bei (barcode) kwenye kasha. Wiki chache baadaye, mwezi Juni, N.W.A, kundi la rapu la Los Angeles, wakashika namba moja, na watu wa biashara wakashtuka kuona rapu inauzwa kwa wingi kwenye maduka makubwa ya vitongoji vya wazungu. Lakini ile mistari ya bei haioni rangi ya mkono ulioshika kasha. Na maduka mengi madogo ya mitaa ya weusi hayakuwa ndani ya mfumo, achilia mbali kaseti zilizouzwa kutoka kwenye buti la gari. Mwandishi Bakari Kitwana aliifuatilia takwimu hiyo mwaka 2005 na kuonyesha jinsi ilivyoenea bila utafiti wa kuibeba. Inaendelea kutembea kwa sababu ina faida kwa watu fulani: ukishaamini mnunuzi ni mzungu, unapata sababu ya kutotumia hata dola moja kutangaza mtaa wa weusi.

Sasa nikupe ushahidi ninaoupenda kuliko wote, maana ndio unaofunga mjadala na rafiki zako. Kulikuwa na duka la vyakula vya afya likiitwa Good Life, eneo la Crenshaw, Los Angeles, katikati ya mitaa ya weusi. Kuanzia Desemba 1989, kila Alhamisi usiku, lilifungua maiki kwa yeyote. Masharti yalikuwa machache na makali. Matusi marufuku. Na ukipanda jukwaani ukachana mistari mibovu, watu wote wanaimba kwa pamoja kwamba tafadhali ipitishe hiyo maiki, nawe unashuka, uwe nani. Hapo ndipo walipokomaa Freestyle Fellowship, akina Myka 9 na Aceyalone, vijana waliokuwa wakichana kama mtu anayepuliza saksafoni: mstari unakimbia, unakatika katikati ya neno, unaruka juu ya biti na kutua mahali usipopategemea. Ukisikiliza Innercity Griots, albamu yao ya 1993, leo hii bado inakupa kizunguzungu. Hayo yalikuwa majaribio kwa kila maana ya neno.

Nani alikuwa akisikiliza? Vijana weusi wa mtaa. Na hawakuwa wasikilizaji wapole wanaopiga makofi kwa adabu. Walikuwa waamuzi, wenye masikio makali kuliko mhakiki yeyote wa gazeti, na walimdai kila msanii aje na kitu kipya kila wiki. Ava DuVernay, ambaye dunia inamjua kwa kuongoza filamu, alikuwa mmoja wa waliopanda jukwaa lile, na mwaka 2008 alitoa filamu ya kumbukumbu kuhusu mahali hapo. Mwaka 1994 shughuli zikahamia Leimert Park, kwenye kituo cha sanaa cha Ben Caldwell, kwa jina la Project Blowed. Mlango ulikuwa mtaani, kiingilio kilikuwa kidogo, nyumbani unarudi kwa miguu, na watu walikuja.

Jambo hili lilikwisha kuonekana kwenye jazi. Miaka ya 1920 klabu ya Cotton Club ilikuwa Harlem kwenyewe, mtaa wa weusi wa New York, Duke Ellington akipiga ndani, na wateja walioruhusiwa kuketi ni wazungu tu. Hapo mlango ulikuwa na bawabu halisi. Mwaka 1965, baada ya Malcolm X kuuawa, mshairi LeRoi Jones, ambaye baadaye alijiita Amiri Baraka, alihamia Harlem na wenzake wakaanzisha shule na jumba la sanaa za weusi. Kiangazi kile walipakia wanamuziki na waigizaji kwenye malori, wakawashusha kwenye kona za mitaa na viwanja vya wazi. Waliowashusha ni watu kama Sun Ra na Albert Ayler, jazi huru yenye mayowe ambayo wahakiki walidai ni ya wasomi wachache wa kizungu kwenye vilabu vya katikati ya mji. Watu wa Harlem walitoka nje wakasikiliza. Fedha zilipokatika mradi ukafa haraka, na muziki ukarudi vilabuni kwa wasikilizaji wale wa mwanzo.

Tena, hebu tulitazame neno lenyewe, "majaribio". Missy Elliott na Timbaland mwaka 2001 walichukua mlio wa tumbi, ala ya nyuzi ya Punjab, wakaujengea wimbo juu yake, na ukapigwa kwenye kila sherehe ya weusi Marekani. Footwork ya Chicago, ngoma ya vijana weusi wa kusini na magharibi mwa mji inayokwenda mapigo 160 kwa dakika, ilikuwa muziki wa mashindano ya kucheza muda mrefu kabla lebo ya Uingereza haijaitoa kwenye mkusanyiko mwaka 2010, na hapo ndipo wahakiki wakaanza kuiita sanaa ya hali ya juu. Mtu mweusi anapocheza, inaitwa muziki wa klabu. Mtu mweupe anaposimama kimya na bia mkononi mbele ya sauti ileile, inaitwa majaribio. Nimeliona hili mara nyingi mno kulichukulia kuwa bahati mbaya.

Na wewe uliye Tanzania huhitaji kwenda mbali. Singeli ilizaliwa uswahilini Dar es Salaam, Manzese, Tandale, Mburahati, kwenye vigodoro vilivyokesha hadi alfajiri. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa studio ya Sisso ya Mburahati, na baada ya hapo vijana wale wakaanza kuitwa kwenye matamasha ya elektroniki ya Ulaya. Mtu wa Brazil ambaye singeli ameijua kwa video za matamasha hayo tu, ataona bahari ya vijana wa kizungu wakitetemeka kwa kasi ile, naye ataapa kwamba huo ni muziki wa wazungu. Wewe utacheka, kwa sababu umeshapita Mburahati.

Video zenyewe pia hudanganya. Kamera huwekwa pale penye vurugu, na vurugu za Death Grips zipo mbele kabisa, kwenye kusukumana kulikorithiwa kutoka kwenye punki. Usisahau kwamba kundi lile lina MC Ride, ambaye ni mweusi, pamoja na Zach Hill, mpiga ngoma mzungu aliyekuja na mashabiki wake kutoka kwenye roki. Nikiwa kwenye meza yangu nyuma ya ukumbi naona kile ambacho kamera haikioni: watu weusi wachache wamesimama ukutani, karibu na mlango wa kutokea, mistari yote wanaijua, hawapigi picha.

Usiku mmoja alisimama kijana wa hivyo pembeni yangu, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, midomo yake ikifuata kila neno. Kibwagizo kilipofika, kikiwa na lile neno la kuwatusi weusi linaloanza na N, ukumbi mzima ukalipaza. Wengine walilimeza, wengine walilipiga kelele kwa furaha kana kwamba tiketi imewapa kibali. Kijana akafunga mdomo. Hakuondoka, ila mpaka shoo inaisha hakuimba tena. Naisikia ile sauti ya watu mia tatu, na kando yake naikumbuka midomo iliyofungwa ya mtu mmoja, na sijapata namna ya kuyasawazisha kwenye mitambo. Ukiniuliza kwa nini watu weusi hawanunui tiketi ya shoo inayofuata, mimi nitaanzia hapo kabla ya kuzungumzia ladha.

Wasanii wanalijua hilo kuliko sisi. Vince Staples, wa Long Beach, kwenye wimbo Lift Me Up wa mwaka 2015 anaeleza jinsi anavyoita watu wake kutoka jukwaani na wanaoitika ni wazungu, kisha anajiuliza kama hao wangethubutu kufika mtaani anakotoka. Hakuna hasira ya kuigiza mle ndani. Ni mtu aliyechoka. Mwezi Mei 2018, kwenye tamasha la Hangout huko Alabama, Kendrick Lamar alimpandisha jukwaani shabiki wa kizungu aimbe naye, binti akalitamka lile neno, na Kendrick akausimamisha wimbo. Kendrick si rapa wa majaribio kwa maana yako, lakini tukio lile liliweka hadharani kinachotokea kimyakimya kwenye kumbi ndogo kila wiki.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na hapa ndipo penye uchungu. Nisingependa uwafikirie wasanii hawa kama wahanga: mashabiki wa kizungu wanalipa kodi ya nyumba, wananunua santuri, na wengi wao wanasikiliza kwa heshima na kwa kina. Sina ugomvi nao. Kinachopotea ni ile "tafadhali ipitishe maiki". Msanii anapoteza wasikilizaji wanaojua lahaja yake, wanaomjua shangazi anayemtaja, wanaoweza kumwambia mstari huu ni wa uongo. Danny Brown na JPEGMAFIA walitoa albamu ya pamoja mwaka 2023 na kuipa jina linalotokana na mzaha wa vijana weusi kuhusu mtu anayeshika muziki kwenye pati na kupiga vitu vya ajabu mpaka wasichana wanaondoka. Mzaha huo hauna maana bila pati ya weusi. Waliwapigia simu watu wa kwao kupitia kwenye kava.

Wengine wamejenga milango yao. Tamasha la Afropunk la Brooklyn lilianza mwaka 2005, na kwa karibu miaka kumi lilikuwa bure. Weusi walijaa kusikiliza punki, metali na rapu ya kila namna, muziki uleule unaodaiwa kwamba hawaupendi. Moor Mother wa Philadelphia, ambaye mashairi yake juu ya kelele yanasikilizwa sana Ulaya, yeye na mwenzake Rasheedah Phillips waliendesha kituo chao kaskazini mwa mji, kwenye mtaa wa weusi uliokuwa ukibomolewa, wakifanya warsha na kukusanya kumbukumbu za wakazi. billy woods alianzisha lebo yake, Backwoodz Studioz, mwaka 2002, na anamiliki anachokitoa.

Kuhusu huyo woods, nikujibu lile la kama muziki huu ni wako. Baba yake alikuwa Mzimbabwe, mama yake Mjamaika, naye utotoni aliishi Zimbabwe katika miaka ya mwanzo ya uhuru, hadi 1989. Albamu yake Aethiopes ya 2022 inafunguka kwa mtu anayehisi kwamba jirani yake ni Mengistu Haile Mariam, mtawala wa Ethiopia aliyekimbilia Harare mwaka 1991. Shabiki wa Portland itabidi alitafute jina hilo kwenye simu. Wewe nyumbani kwenu yupo mzee anayeikumbuka miaka hiyo, nenda ukamuulize.

Kisha msikilize Earl Sweatshirt kwenye Some Rap Songs, ya 2018. Kuna kipande humo, Playing Possum, ambacho hachani hata mstari mmoja. Amezipanga sauti mbili zipokezane: mama yake, Cheryl Harris, profesa wa sheria, akishukuru jamaa hadharani, na baba yake, Keorapetse Kgositsile, mshairi wa Afrika Kusini, akisoma shairi. Mzee huyo alifariki Januari mwaka huohuo. Shairi lake ndilo lililowapa jina The Last Poets, kundi la Harlem lililoanza mwaka 1968 na linalohesabiwa miongoni mwa mizizi ya rapu. Na aliporudi Afrika kutoka uhamishoni Marekani, mwaka 1975, mahali alipokuja kufundisha ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wapigie rafiki zako kipande hicho, waambie sauti ya mwanamume wanayoisikia iliwahi kufundisha Mlimani.